Dua ya Safari Imesomwa, Simu Bado Imo Mkononi

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa miji yetu, gari haliondoki uani kabla ya kusomwa dua ya kupanda chombo. Baba huanza, watoto walioketi nyuma humfuatisha, na hata yule mdogo ambaye bado hajaimudu Fatiha utamsikia akiyamalizia maneno ya mwisho kwa sauti ya juu kuliko wote. Ni desturi njema, na asili yake imo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, ambamo waja wanafundishwa kumtakasa Yule aliyekitiisha chombo kwa ajili yao, na kukiri kwamba wao kwa nguvu zao wasingekiweza. Tuizingatie kauli hiyo ya kukiri. Anayeisoma anasema waziwazi kwamba kitu alichokikalia kina nguvu kuliko yeye. Kisha, kabla gari halijaifikia barabara ya lami, simu inalia, mkono mmoja unaachia usukani, macho yanashuka mapajani, na yule aliyeukiri udhaifu wake dakika moja iliyopita anakiacha chombo kiende kana kwamba kinajiongoza chenyewe.

Kamati yetu ya msikiti imeona vyema jambo hili liandikwe katika kurasa za familia, badala ya kuachiwa mimbari peke yake. Khutba ya Ijumaa husikilizwa zaidi na wanaume, na kwa kawaida mwanamume ndiye anayelaumiwa kwa kuzungumza na simu huku akiendesha. Lakini simu haijipigi. Ukimuuliza dereva ni nani aliyekuwa upande wa pili, mara nyingi utaambiwa ni mke anayeuliza kama amepitia dukani, ni mama mzazi anayetaka kujua amefika wapi, ni mtoto anayeomba vocha, au ni mwanakamati anayekumbusha kikao. Kwa hiyo kosa la barabarani huenda likawa limeanzia sebuleni, na dawa yake haiwezi kutafutwa kwa askari wa usalama barabarani pekee.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi hapa nchini, hupita karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Mtu akitazama simu kwa sekunde tatu tu, amekwenda zaidi ya mita 40 bila ya kuiona barabara. Kwenye njia kuu, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja ni mita 22, na sekunde tano zinazotosha kusoma ujumbe mfupi ni mita 111, yaani urefu wa uwanja mzima wa mpira na ziada. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukubali kufumbwa macho kwa kitambaa kutoka goli hadi goli huku akiendesha. Tunalikubali jambo hilohilo likija kwa jina la ujumbe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa madrasa, wa shule, wa chuo na wa ndoa changa. Shirika hilo linaeleza pia kuwa dereva anayetumia simu anakaribia mara nne kuingia katika ajali kuliko asiyetumia. Makadirio hayo yanaafikiana na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na wataalamu wawili wa Toronto, Kanada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, ambao waliwachukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliogongana, wakazilinganisha kumbukumbu za simu zao na nyakati za ajali. Nao waliipata hatari kuwa ni mara nne. Lililowashangaza wengi ni kwamba waliokuwa wakizungumza bila ya kuishika simu mkononi hawakuonekana kuwa salama kuliko wale walioishika.

Nukta hii ya mwisho inastahili kukaliwa kidogo, kwani ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Dada zetu wanaoendesha magari wamevumbua namna ya kuipachika simu ndani ya ushungi, baina ya sikio na kitambaa, mikono yote miwili ikabaki huru. Vijana wa bodaboda nao huichomeka ndani ya kofia ngumu. Wenye uwezo wana vile vidude vya masikioni visivyo na waya. Ubunifu huo hatuubezi. Lakini David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka madereva katika mitambo ya kuigiza uendeshaji, wakafuatilia hata mwelekeo wa macho yao, na wakaona kwamba dereva anayezungumza kwa simu anaweza kukielekezea kitu macho yake sawasawa, kisha akiulizwa baadaye asikikumbuke kabisa. Macho yalifika, akili haikufika. Mikono ilikuwa kwenye usukani muda wote.

Imo katika Suratul Ahzab, aya ya 4, habari kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka nyoyo mbili ndani ya kifua cha mtu. Aya hiyo ilishuka katika masuala mengine, ya dhihari na ya watoto wa kupanga, wala hatutaki kuibebesha tafsiri isiyokuwa yake. Tunachosema ni kwamba mwanadamu anayedai kuwa anaweza kuzungumza bei ya kiwanja, kutazama kioo cha pembeni na kumkadiria mtoto anayetaka kuvuka, yote kwa wakati mmoja na yote kwa ukamilifu, anadai umbile ambalo hakupewa.

Hapa msomaji atauliza, na swali lake ni la haki: mbona tunazungumza na abiria tuliokaa nao na hatugongi? Watafiti haohao wa Utah walilichunguza hilo, na matokeo yao waliyachapisha mwaka 2008. Waliwaagiza madereva watoke barabara kuu wakifika mahali fulani pa kupumzikia. Waliokuwa wakizungumza na rafiki aliyeketi pembeni, wengi wao walitoka pale walipoagizwa. Waliokuwa wakizungumza kwa simu, takriban nusu walipapita. Sababu ni nyepesi na kila mwenye mke au dada anaijua. Aliyeketi kiti cha mbele anaiona barabara. Lori likikata kona ghafla, ananyamaza bila ya kuambiwa. Kivuko kikikaribia, anasema “angalia, pana watoto”. Aliye kwenye simu amekaa jikoni anachambua mchele, wala hajui kwamba mwenzake yuko katikati ya daladala mbili. Ataendelea kuuliza, na atataka kujibiwa.

Ndiyo maana tunaona kiti cha mbele ni cheo. Mama, au kijana mkubwa, aketiye pale apewe simu ya dereva mara gari linapowashwa. Yeye ndiye apokee, aseme “yuko barabarani, atakupigia”, na akate. Tumeiona familia moja ya jirani zetu ambayo kazi hiyo amekabidhiwa binti wa miaka kumi na mitatu, naye huitekeleza kwa ukali ambao baba yake anaulalamikia kwa kicheko.

“Ajali haina kinga”

Msemo huu umeenea sana katika misiba yetu. Husemwa kwa nia ya kuliwaza, na hatuwezi kumlaumu anayemliwaza mfiwa. Hata neno lenyewe, ajali, tumelitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa. Muda umewekwa, hilo ni katika imani yetu. Lakini msemo huo umekuwa pia pazia la kuwafichia wazembe. Mtu anaendesha huku akichapa ujumbe, anaua, kisha anafarijiwa kuwa ni kazi ya Mungu, na jambo linaishia kwenye sahani ya ubani.

Seyyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aliamua kurudi pamoja na watu wake. Aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu lake linajulikana kwa kila aliyepita chuoni: kwamba wanatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Kuzima simu nako ni kadari. Kuegesha gari pembeni ni kadari. Haiyumkiniki kadari ikumbukwe baada ya kishindo tu.

Wanazuoni wa zama zetu hawakuliacha jambo hili likaelea. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwaka 1993, lilipitisha azimio kuhusu ajali za magari. Humo lilieleza kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisharia, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa pale ambapo limetokea jambo la nguvu asiloweza kulizuia wala kujihadhari nalo, au madhara yametokana na kitendo cha aliyedhurika mwenyewe, au yamesababishwa na kosa la mtu mwingine. Ukiutazama mlango wa udhuru uliofunguliwa hapo, huoni mahali pa kumwingiza mtu aliyekuwa akitazama picha za harusi.

Na juu ya dhamana kuna kafara. Suratu Nisaa, aya ya 92, imeweka hukumu ya anayemuua muumini kwa kukosea: kumwacha huru mtumwa muumini, na diya kwa watu wa marehemu ila wakiisamehe iwe sadaka, na asiyepata mtumwa, ambaye leo ni kila mmoja wetu, afunge miezi miwili mfululizo, ikiwa ni toba kwa Mwenyezi Mungu. Tumegundua kuwa Waislamu wengi wanaoendesha vyombo hawajapata kuisikia hukumu hii hata mara moja. Wanajua bei ya leseni na ya bima. Kwamba kila kukosea kunakotoa roho kuna miezi miwili ya saumu nyuma yake, hawajui.

Mwaka jana, baada ya swala ya Isha, alitufikia mtu wa makamo, mfanyabiashara wa vitunguu. Tulikuwa na imamu ofisini tukipanga masomo ya akina mama. Akaomba radhi kwa kutukatiza, akakaa, akasema: “Ustadh, mahakamani nimekwisha. Faini nimelipa. Nimekuja kuuliza kama kwa Mwenyezi Mungu nako nimekwisha.”

Alikuwa akielekea sokoni kabla jua halijachomoza. Wakala wake wa Mang'ola alimtumia bei ya asubuhi ile. Akaichukua simu kutoka kwenye kiti cha pembeni, akasoma. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka na ndoo yake ya unga wa vitumbua. Alifariki hospitalini siku ya pili. Yule bwana alituonyesha ule ujumbe, hakuwa ameufuta. Ulikuwa na maneno matatu na tarakimu.

Imamu alimuuliza kama mwanamke yule alitokeza ghafla. Akanyamaza kitambo, akasema hakujua, kwa sababu hakuwa akitazama. Basi imamu akamsomea aya na kumfafanulia. Swali lake la kwanza lilikuwa la mtu mwenye mali: je, hawezi kulisha maskini sitini? Alikuwa na uwezo wa kuwalisha hata mara tatu. Akaelezwa kwamba kulisha kumetajwa katika kafara ya dhihari, ama katika aya hii hakukutajwa, na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafii ni kusimama pale aya iliposimama. Afunge yeye mwenyewe, kwa mwili wake, siku zifuatane. Akikata moja bila ya udhuru, anaanza upya tangu mwanzo. Tuongeze hapa, kwa faida ya kina mama wanaoendesha, kwamba siku za hedhi hazikati mfululizo: mwanamke huacha, kisha akaendelea alipoishia. Na kwa mujibu wa wanazuoni wengi, roho zikiwa mbili, kafara ni mbili. Anayebeba abiria na aifanye hesabu yake mwenyewe kwa idadi ya viti.

Alifunga Mfungo Tano na Mfungo Sita, tangu kuandama hadi kuandama. Usiku wa Maulidi alihudhuria kama watu wote. Kesho yake mchana, sinia zilipopita, alikuwa amekaa upande wa viatu akimlisha mwanawe. Wachache kati yetu ndio tuliokuwa tukijua kwa nini hali.

Kabla ya hapo tulikwenda naye kwa jamaa za marehemu, sisi watatu wa kamati na mzee mmoja wa ukoo wake, tukapokewa na kaka wa marehemu na watoto wake wa kiume. Tulihofia maneno makali. Mtoto mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akasema: “Diya tumeisamehe, baba mdogo amekwisha kutuuliza na sote tumekubali. Tunachokikataa ni kuambiwa kuwa ilikuwa bahati mbaya.” Yule bwana aliinamisha kichwa. Aliahidi mwenyewe, bila ya kudaiwa, kumsomesha kitinda mimba wa marehemu mpaka amalize, na hadi leo ada inafika. Tumemwomba ruhusa ya kuyaandika haya bila ya kumtaja, naye akatupa, akasema tuandike na idadi ya maneno.

Saa za hatari katika nyumba ya Muislamu

Madereva wote wanashughulishwa na simu, lakini sisi tuna nyakati zetu mahususi, na ni bora tuzitaje.

Ya kwanza ni saa ya futari. Katika ukanda wetu jua huzama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima, wakati uleule ambao foleni ya watokao kazini imefikia kilele chake, na nuru imekuwa ile ya baina ya mchana na usiku inayomfanya mtu mwenye nguo nyeusi apotee kabisa machoni. Juu ya hayo muweke dereva mwenye njaa, aliyeahidi kufika kabla ya adhana, anayepekua mfuko wa tende kwa mkono wa kushoto huku akitafuta kwenye redio kama wameshaadhini. Kuharakisha kufuturu ni sunna, na sunna hiyo inatimia kwa tende moja na funda la maji, gari likiwa limesimama pembeni. Uji na sambusa za nyumbani havitakwenda popote. Mke asipige simu ya “uko wapi” saa hiyo. Jawabu analijua, yuko kwenye foleni. Na baada ya daku kuna usingizi, ambao ni adui wa aina nyingine, nao tutauandikia Ramadhani ikikaribia, InshaAllah.

Ya pili ni saa ya kuwapeleka watoto. Mama amechelewa, mtoto wa kwanza amesahau juzuu, wa pili amevua viatu, wa tatu analia kwa kuwa wa pili amempiga. Mama anageuza shingo kuamua kesi. Tunawaombea mama hawa kheri, kwani kazi yao haina mshahara wala likizo. Lakini wakumbuke lililopokewa katika Sahihi mbili, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto ilhali yumo ndani ya swala, akaifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala imefupishwa kwa ajili ya kilio, safari ya kwenda madrasa haishindwi kusimamishwa kwa dakika mbili. Egesha, washa taa za tahadhari, geuka, hukumu, kisha endelea. Kuchelewa darasa kuna adhabu ndogo, na walimu wetu wameshaelezwa.

Kuna pia misafara. Ya harusi ina kijana aliyetoa nusu ya mwili dirishani akipiga picha, na dereva wa nyuma anayeendesha kwa mkono mmoja ili naye arekodi. Ya mazishi ina watu kumi wanaopigiana simu kuulizana makaburi ni yapi. Liulizwe kabla ya kuondoka.

La mwisho ni gumu kulisema, kwa kuwa linagusa ibada. Wapo wanaoendesha huku wakivuta tasbihi shanga kwa shanga, na wapo wanaofuatisha Yasini kwenye skrini ya simu iliyoegemezwa dashibodi. Kusikiliza Qur'ani garini ni neema, na dhikri ya ulimi inamfaa msafiri. Kusoma kwa macho wakati wa kuendesha ni kitu kingine. Mtume (S.A.W.) aliwataka maswahaba waliokuwa wakikaa kando ya njia waipe njia haki yake, na mojawapo ya haki hizo ni kuwaondolea watu udhia. Ikiwa anayekaa tu kando ya njia ana deni hilo, anayeipita kwa chombo cha tani moja na nusu deni lake ni kubwa zaidi. Kurasa za msahafu zitamngoja. Mtembea kwa miguu hana namna ya kungoja.

Tunawaelewa vijana wa bodaboda, bajaji na teksi za mtandaoni, ambao simu kwao ndiyo kazi yenyewe: humo huja mteja, humo imo ramani. Hatuwezi kuwaambia waizime. Tunawaambia waifunge kwenye kishikio, waweke njia kabla ya kuondoka, na maombi ya mteja mwingine wayajibu wakiwa wamesimama. Abiria naye asimhimize. Tumewahi kumsikia abiria, mtu mzima mwenye kanzu, akimwambia kijana “pokea tu, huenda ni mteja”, ilhali yeye mwenyewe amepakiwa nyuma.

Kundi la simu la msikiti

Kundi letu lina watu zaidi ya mia mbili, na kila tangazo la msiba linapotoka, ndani ya dakika chache hufuatwa na taazia kwa makumi, kila mtu akiandika neno lilelile. Miongoni mwao wamo wanaoandika wakiwa kwenye usukani. Wengine wamekiri, na herufi zilizokosewa zinatosha kuwa ushahidi. Marehemu hapungukiwi na kitu kwa kucheleweshewa taazia ya maandishi kwa saa moja. Anayeijua kauli ya kurejea kwa Mwenyezi Mungu aitamke kwa ulimi papo hapo, na hapo ametimiza. Hali ni hiyohiyo kwa salamu. Tumesikia hoja kwamba kuitikia salamu ni wajibu, kwa hiyo ujumbe unaoanza kwa salamu hauwezi kuachwa. Salamu ambayo bado haijasomwa haijamuwajibisha mtu jibu, na iliyokwisha kusomwa huitikiwa kwa ulimi. Hakuna aliyewajibishiwa kuandika.

Baada ya mashauriano, kamati imeafikiana yafuatayo. Tangazo la msiba litatolewa na katibu peke yake, likiwa na jina, mahali pa swala, saa na makaburi, na baada yake kundi litafungwa kwa saa mbili, mtu yeyote asiweze kuandika. Mwenye swali atampigia mmoja wa wanakamati wawili ambao namba zao zimebandikwa mlangoni mwa msikiti. Vikumbusho vya vikao havitapelekwa kwa simu baina ya saa kumi na moja jioni na Isha. Katika darasa la wanaotarajia kuoa na kuolewa, somo la hukumu za diya na kafara ya kuua kwa kukosea limeongezwa, na litasomeshwa na imamu mwenyewe.

Wazazi ambao watoto wao hupelekwa madrasa kwa bodaboda wanaombwa kufika Jumamosi hii baada ya swala ya Alasiri, pamoja na vijana wanaowapakia. Kutakuwa na orodha ya waendeshaji watakaokubali kuizima simu muda wote wanapokuwa na mtoto nyuma, na wazazi watakaokubali kutowapigia muda huo. Orodha ni moja, na kila jina la mwendeshaji litaandikwa mbele ya jina la mzazi wake. Viti vya akina mama vitakuwa upande wa kisimani.